Mwalimu wa Rangi za Maji na Mbuzi ya Mama Yake

Mwalimu alipoingia nyumba ya mtu alisalimia vizuri, akauliza habari za wagonjwa na za waliosafiri, akakaa pale alipoonyeshwa. Lakini aliyemzoea aliona kwamba macho yake hayakukaa. Yalikuwa yamekwisha kwenda pembeni ulikosimama mtungi, au uvunguni mwa kitanda ambako kitu cha mbao kilikuwa kimetoa ncha. Mwenyeji angeendelea kumsimulia harusi ya mpwa wake, naye akiitikia, "Ee, ee, alhamdulillahi," kisha katikati ya bibi harusi na mashemeji akauliza: "Kifumbu kile pale ukutani, alikisuka nani?"

Mama yangu, aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa akilalamika huku anacheka: "Mwalimu akija kwangu, mimi ndiye mgeni. Mwenyeji ni kifumbu."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vidogo kama vya mtoto na sauti ya kuita darasa zima. Alifundisha desenho, somo la kuchora, kwenye sekondari mpaka alipostaafu. Mimi alinifundisha kuchora mchemraba kwa rula, na sikuuweza. Mistari yangu ilikutana pasipotakiwa, halafu nikalala nikiwaza kama amenidharau. Lakini kazi aliyoipenda haikuwa ile ya shule. Alichora kwa rangi za maji vitu vya nyumbani vya zamani: kawa za kufunikia chakula, pasi za mkaa, kandili, upawa wa kifuu, jiwe la kusagia msiro, unga wa mti wa kupaka usoni. Kila karatasi ilikuwa na kitu kimoja tu katikati ya weupe. Hakuna meza chini yake, hakuna ukuta nyuma yake. Kitu na kivuli chake, basi.

Na katika vyote alivyowahi kuvichora, kile alichokitaka kuliko vyote hakuwa amekipata. Kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mama yake, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, kama zilizomo katika kila jiko la pwani. Ilikuwa kwa dada yake mkubwa, katika kijiji kilichoko kwenye rasi upande wa pili wa ghuba ya Tungue.

Kisa cha mbuzi ile alinisimulia mwenyewe. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa msichana, ndiyo kwanza amepangiwa kufundisha shule huko Quiterajo, na alifika nyumbani watu wamekwisha tawanyika. Nguo zilikuwa zimegawiwa. Dada yake akamwambia achague, mbuzi au kandili. Naye, mwenye viatu vya ualimu miguuni na uchungu wa kutomzika mama yake, akasema: "Hicho kigogo baki nacho. Mimi nitanunua cha dukani."

Aliniambia maneno hayo kwa sauti ile ile aliyoyasemea zamani, kisha akafunga mdomo kama aliyemeza mwiba wa samaki.

Hawakugombana. Ingekuwa nafuu. Walisalimiana kwenye harusi na mazishi kwa adabu ya watu waliokutana njiani. Miaka ikapita, Mwalimu akaanza kuchora vitu vya watu wengine, na kila alipochora mbuzi ya mtu alisema jambo lile lile: "Hii nzuri. Lakini siyo ile."

Mimi nilikuwa karibu naye zaidi baada ya kurudi kutoka Nampula na licenciatura yangu, shahada ya chuo kikuu. Vijana wote wa upande wetu tulikuwa tumerudi, au tulikuwa tunajiandaa kurudi, kwa sababu gesi ilikuwa imegunduliwa baharini na kila mtu alisema kazi zitakuwa nyingi kuliko watu. Nilipeleka currículo yangu, wasifu wa kuombea kazi, kila mlango uliofunguliwa, halafu nikakaa nyumbani nikiwaza. Niliwaza kwamba nimeandika tarehe vibaya. Niliwaza kwamba picha yangu inaonyesha mtu asiye na furaha. Mwalimu aliniona kwenye kibaraza nikipekua simu, akaniita nikamshikie karatasi upepo usiichukue.

"Unawaza nini?"

"Hawajanipigia, Mwalimu."

"Basi wakipiga utasikia. Shika pembe hiyo."

Alikuwa na kanuni zake, na hakuna aliyezijadili. Aliyeleta kitu kichorwe alitakiwa aje na kikombe cha maji kutoka kisima cha kwao. Rangi, alisema, anazinunua Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kila mtu anaweza kuzinunua; angalau maji yawe ya wenyewe. Nilidhani ni mbwembwe. Baadaye nikaona tofauti kwenye karatasi. Michoro ya vitu vya nyumba za karibu na ufukwe ilikauka na madoa madogo, kama mtu amepuliza mchanga mwembamba juu ya rangi. Ile ya watu wa bara, waliotoka huko Awasse wakahamia mjini na kupata visima vya mbali na bahari, ilitulia laini. Nikafurahi sana kwa ugunduzi wangu, nikamweleza kwamba ni chumvi, chumvi huvuta maji ya rangi.

"Ndiyo, chumvi," akasema bila kuinua kichwa. "Kwani ulitaka nichore watu wa Palma bila chumvi?"

Chenye roho hakukichora. Alisema alimwahidi baba yake, na baba yake alikuwa amemuuliza shehe. Mara moja alikuja kijana mmoja mvuvi na picha ya mchumba wake kwenye simu, akaomba ichorwe kwa rangi, aiweke chumbani. Alibembeleza mpaka akatoa pweza.

"Sichori nyuso, mwanangu. Niletee kiti anachokalia."

"Kiti? Mimi naoa kiti?"

"Kilete tu."

Kijana akaleta kigoda cha mchumba wake, kwa haya, amekifunika kwa kapulana, kitenge cha kwetu, kama anayebeba maiti. Mwalimu akakizungusha, akakitazama upande wa chini. Akamwonyesha mguu mmoja uliolika kuliko mingine. "Huyu hukaa upande, kama anayetaka kuinuka. Mke wako atakuwa na haraka. Ukichelewa kurudi hutakuta chakula." Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Mchoro ule aliutundika chumbani, na nasikia mke wake alikataa kabisa kukaa kigoda kingine mbele ya wageni.

Jambo lililomtesa Mwalimu zaidi lilikuwa usafi wetu. Hakuna mwanamke wa pwani atakayekubali chombo chake kitoke nje kichafu, sembuse kiende kuchorwa na kutazamwa na watu. Mama yangu alipoamua kupeleka chungu cha bibi yangu, alianza kazi tangu asubuhi. Alikisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akamalizia kwa limau. Kilipofika kwa Mwalimu kilikuwa chekundu kama kimetoka kufinyangwa.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza chini juu.

"Mama Amina, nani huyu?"

"Chungu cha marehemu mama. Si ulikitaka?"

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Mwalimu, una homa?"

"Masizi yake yote, mapishi yake yote, mahali alipokuwa akikishika kwa kitambaa. Viko wapi?"

"Viko kisimani, kwenye mchanga!" Mama akawaka. "Ulitaka mji mzima uone masizi yangu? Watu waseme Mama Amina haoshi vyombo? Kesho utaniambia nije bila kuoga!"

Hawakusemeshana mpaka jioni, mama alipompelekea bakuli la mchuzi kwa mkono wangu, na mimi nikasimama mlangoni nikiwaza niseme neno gani kwanza. Lakini tangu siku ile Mwalimu akabadili njia. Akaacha kungoja vyombo viletwe. Akawa anaingia majikoni mwa watu bila kungoja karibu, hodi anaipiga akiwa tayari yuko ndani, karatasi kwapani, akipiga kelele, "Usiguse! Usioshe! Kiache hivyo hivyo!" Watoto wa mtaa wakawa wanapiga mbio mbele yake kutoa habari: "Mwalimu anakuja! Mwalimu anakuja!" Nao wanawake wanarukia majivu na makumbi ya nazi, wanasugua kwa nguvu zote kabla hajafika. Niliwahi kumwona akichungulia dirisha la jirani na kusema kwa unyonge wa kweli, "Mmenishinda tena."

Mtu aliyesikia haya yote angedhani nyumba ya Mwalimu ilijaa vyombo vya kale. Haikuwa na hata kimoja. Viti vyake vilikuwa vya plastiki, vya kijani, vilivyopangwa kwa kupandana. Maji alichota kwa jagi la plastiki, wali alipikia sufuria ya alumini, na chakula hakukifunika kwa kawa bali kwa sahani nyingine. Alikuwa na geleira, yaani jokofu, kabla ya nyumba nyingi za mtaani, na aliipenda kwa upendo wa wazi kabisa. Aliipangusa kila akipita. Nazi hakukuna mwenyewe. Alimwita binti yeyote aliyekuwa karibu, mara nyingi mimi, nikamkunie kwetu na kumletea. Mama yangu alimtania: "Unachora mbuzi za mji mzima, na ya kwako huna."

Mwalimu angeipangusa geleira tena. Tulidhani hajasikia.

Ndipo ikathibitishwa kwamba watu wa rasi watahamishwa, kwa sababu kiwanda cha gesi kitajengwa pale. Wakaja watu wa kupima nyumba na kuandika namba kwa rangi kwenye kuta. Mimi nikapigiwa simu hatimaye, nikapewa kazi ya kutafsiri kati ya Kireno na Kiswahili katika mikutano ya vijijini, na fulana ya njano yenye mistari inayong'aa. Nilikuwa nikilala nikiyarudia maneno niliyoyatafsiri, nikijiuliza kama nilisema "mtahamishwa" mahali ambapo ilitakiwa "mtahama".

Watu wa rasi wakaanza kuja kwa Mwalimu. Sasa hakuhitaji kuwavamia. Walikuja wenyewe na vinu, na mitungi, na masanduku ya mbao ya mabibi zao, na vikombe vya maji yao. Kibaraza chake kilijaa. Alichora tangu mwanga wa asubuhi mpaka macho yalipokataa, na sijawahi kumwona mwenye furaha vile. Watu wengi hata hawakuosha. Walikuwa na mambo mengine ya kuwaza.

Kati yao alikuwa Bi Somoe, mkulima wa mihogo, jirani wa dada yake Mwalimu huko rasini. Alileta kinu kikubwa kwa mkokoteni, kinu cha mti mweusi, kimechakaa mdomoni mpaka kimekuwa na mawimbi. Mwalimu alikichora mchana kutwa. Kwa macho yangu ule ndio mchoro wake bora kuliko yote. Ukiutazama ulisikia uzito. Akampa Bi Somoe aende nao, kwa sababu yule mama alilia alipouona.

Baada ya muda nilikwenda kijiji kile kwa mkutano, nikakikuta kinu kimelala nyuma ya choo cha Bi Somoe, kimepasuka, kuku wanadonoa ndani yake.

"Kimekuwaje, bibi?"

"Aa, kizito kile, mwanangu. Nani atakipandisha lorini? Na picha yake ninayo." Akanionyesha kwa fahari. Ilikuwa imetundikwa ndani, safi, juu ya kitanda.

Nilirudi Palma nikiwaza nimwambie au nisimwambie. Nilipofika nilimkuta amekwisha kusikia. Bi Somoe hakuwa peke yake. Mitungi ilikuwa inaachwa, masanduku yalikuwa yanageuzwa kuni. Mtu alichukua mchoro, akakiacha kitu, moyo wake umetulia. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kijani, kibaraza kitupu, brashi zimelala ndani ya kikombe na maji yamekauka.

"Nilitaka wavitazame," akaniambia. "Nilidhani mtu akikitazama kitu vizuri hatakiacha. Kumbe nawasaidia kuvizika."

Nilitaka kusema neno la kumfariji. Nilichambua maneno mengi kichwani, nikaona yote yana kasoro, nikakaa tu karibu naye. Ndipo aliponiomba nimpelekee dada yake salamu, na baada ya salamu nimwambie kwamba anaomba ruhusa aje aichore mbuzi ya mama, kabla ya malori.

Nilishangaa. "Baada ya mambo ya kinu?"

"Ile siyo ya kuachwa. Ile ataibeba. Nataka tu niwe nayo mimi pia." Halafu, taratibu: "Sasa itakwenda mbali zaidi, Amina. Na sisi si watoto."

Dada yake nilimwita Bi Mkubwa, kama kijiji kizima kilivyomwita. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache. Nilimpa salamu, nikampa ombi. Aliendelea kuchambua mchele.

"Mwambie mbuzi iko kazini," akasema.

Njia nzima nilitafuta namna ya kulainisha jibu lile. Nikalifikisha jinsi lilivyo, kwa sababu sikupata namna. Mwalimu alilisikiliza, akaingia ndani. Kisha akatoka amevaa baibui, na mfuko wake wa karatasi begani.

"Tafuta pikipiki. Twende tukamsalimie dada yangu."

Tulipanda sote wawili nyuma ya kijana mmoja wa kukodi, mimi nikiwa wa mwisho, nikiushikilia mfuko ule usipate vumbi. Njia nzima Mwalimu alimkemea kijana kila penye shimo. Tulipofika alijipangusa, akapiga hodi akiwa nje kabisa, mbali na mlango, kama mgeni wa kweli.

"Karibu," sauti ikatoka jikoni, nyuma ya nyumba. Tukazunguka. Bi Mkubwa alikuwa akimenya mihogo. Ukuta nyuma yake ulikuwa na namba nyekundu ya wapimaji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na karatasi zako?"

"Nimekuja nazo."

"Basi ziache nje, pamoja na viatu."

Mwalimu akavua viatu, akaniachia mfuko, akaingia. Mbuzi ilikuwa pale karibu na mafiga. Nami niliyekuwa nimeisikia miaka mingi nilitarajia kitu cha ajabu. Kilikuwa kibao cha kawaida, kimeiva kwa mafuta ya nazi mpaka kinang'aa, ulimi wake umeliwa na kutu kwenye shingo, na meno yamenolewa upya.

Mwalimu hakuikaribia. Alisema, na sauti yake ile ya darasa haikuwepo: "Dada, naomba niichore mbuzi ya mama."

"Mbuzi ya mama ipi? Mama kaikalia, lakini mimi nimeikalia kuliko mama. Hii yangu."

"Ni kweli. Lakini ni kitu cha kale, dada, cha nyumbani kwetu, na huko mnakokwenda..."

"Cha kale?" Bi Mkubwa akaweka kisu chini. "Leo asubuhi nimekunia nazi. Mihogo hii naipikia tui lake. Ukila utasema umekula mihogo ya kale?"

Mwalimu akaitazama mihogo.

"Ulimchorea Somoe kinu chake. Kiko wapi? Kuku wanakinyea. Ulimchorea fulani mtungi, ukavunjwa. Kila ulichokichora kimekufa. Hiki changu bado kizima, na mimi bado mzima. Hunichorei."

"Sikutaka iwe hivyo."

"Najua hukutaka. Wewe tangu utotoni unavunja bila kutaka."

Nilitamani ardhi inimeze, nami sikuwa nimeulizwa kitu. Mwalimu alisimama akitazama miguu yake mitupu kwenye sakafu ya udongo. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alilibeba tangu Quiterajo.

"Siku ile niliiita kigogo."

"Uliiita."

"Nilikuwa na hasira kwa kuchelewa. Sikuwa na hasira na mbuzi, wala na wewe."

Bi Mkubwa akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho. Maganda yalianguka mazima, marefu.

"Mmekula?" akauliza.

"Hatujala."

"Tui hili halitoshi watu watatu. Nazi ile pale. Kaa ukune."

Mwalimu akamtazama kana kwamba amesikia vibaya. Akakusanya baibui lake, akaipanda mbuzi, akakaa. Mara akayumba, akashika ukuta.

"Inaegemea kushoto!"

"Mguu wa mbele mfupi. Ulikuwa mfupi tangu kwa mama. Kaa ufuate inavyotaka."

Akaanza. Nazi ikamteleza. Alikuwa hajakuna nazi kwa mkono wake tangu sijui lini. "Usiisukume, izungushe," Bi Mkubwa akasema. "Umesahau kila kitu. Na usiifikie ngozi nyeusi, utanitia uchafu kwenye tui. Taratibu! Vidole hivyo ndivyo unavyoringia rangi?" Mwalimu akajikwaruza, akanyonya kidole, akaendelea. Nazi iliyokunwa ikaanza kuanguka kwenye sinia, kwanza vipande, halafu nyeupe na laini. Alikuwa ameinamia kushoto kabisa, ulimi wake umetoka nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Niliitoa simu yangu. Niliwaza: picha moja tu, hata kama haruhusiwi kuchora leo, ataichora nyumbani. Niliwaza tena: Bi Mkubwa ataudhika. Nikawaza kwamba huenda sitapata nafasi nyingine. Mwalimu aliniona.

"Iweke mfukoni, mwanangu," akasema kwa upole. "Ukipiga picha watu wanajua wanaagwa."

Tulikula mihogo kwa samaki, kutoka sinia moja. Tui lilikuwa na chembe nyeusi hapa na pale, na Bi Mkubwa alizitoa moja moja kwa kidole, akaziweka mbele ya mdogo wake. Walicheka wote wawili kwa pamoja, na vicheko vyao vilifanana kabisa. Sikuwa nimejua.

Wakati wa kurudi, nikiwa nyuma yake kwenye pikipiki, nilimsikia akisema, si kwangu hasa: "Mguu mfupi. Ningeichora imesimama wima, nami ningeapa ndivyo ilivyo."

Leo ninaishi mbali na Palma, kama wengi. Mambo mengine yalikuja baadaye ambayo hayahusiki hapa, na michoro ile sijui iko mikononi mwa nani. Mwalimu ninayemkumbuka mara nyingi ni yule wa asubuhi ya malori, mara ya mwisho tulipokaa pamoja kabla sijahamishiwa kazi Pemba.

Nilikuwa njiani na fulana yangu ya njano, nikisaidia wazee wasiosikia Kireno cha madereva. Yeye alikuja kwa miguu, mikono mitupu, akasimama karibu nami pembeni mwa barabara. Malori yalipita polepole, vitanda vimesimama, milango ya nyumba imelala juu ya milango. Lori la watu wa kijiji kile lilipotokeza, tulimwona Bi Mkubwa kutoka mbali. Juu kabisa, kati ya magodoro na kuku waliofungwa miguu, wengine wakiwa wamejibana sakafuni, yeye alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya nazi. Ulimi wa chuma alikuwa ameufunga kitambaa usimchane mtu. Kila lori lilipotikisika alikwenda kushoto, akarudi.

Alituona. Akampigia dereva kofi juu ya bati mpaka akapunguza mwendo.

"Wewe!" akaita. "Kule wamenionyesha nyumba, wamenionyesha bomba. Mnazi sikuona hata mmoja!"

"Hata mmoja?" Mwalimu akaanza kutembea sambamba na lori.

"Hata kivuli chake! Ukija, njoo na nazi!"

"Nije lini?"

"Wauliza lini kama serikali? Njoo!"

Lori likashika kasi, vumbi likafunika magodoro, na Mwalimu akabaki katikati ya barabara amejishika kiuno, anahema. Nilikwenda kumvuta pembeni, kwa sababu lori jingine lilikuwa linakuja. Nilikuwa nimeandaa la kumwambia.

"Soko wamekwisha fungua?" akaniuliza kabla sijaanza.

"Mwalimu, mimi niko kazini."

"Sikuuliza uko wapi. Nimeuliza soko."

Nikamwambia limekwisha funguliwa. Hata hakungoja malori mengine yapite. Akageuka na kuondoka kwa mwendo wa haraka, kama mtu anayeogopa kukuta nazi kubwa zimekwisha.